Acheni Kutuuzia Amplifaya, Tunataka Kadi ya Sauti

Wasomaji wangu, leo sina subira. Kila mara kuna mtu ananiuliza swali lile lile: "Nina hedifoni nzuri, lakini sauti ya kompyuta yangu haipendezi. Ninunue amplifaya ya hedifoni ya kuweka mezani, au ninunue kadi ya sauti?" Na kila mara kuna mjuaji aliyekwisha kumjibu kabla yangu: nunua amplifaya, ndugu, utasikia mbingu zikifunguka. Mjuaji huyo huwa yuko Nairobi au ng'ambo. Chumba chake kina zulia, umeme wake haumsumbui, na mara nyingi bei ya amplifaya hizo imeandikwa chini kidogo ya ushauri wake.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusipotezeane muda. Kwa mtu wa Garsen, Minjila, Hola au Kipini, mwenye laptopu ya kawaida na fedha za kununua kitu kimoja tu, jibu ni kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye USB. Amplifaya ingoje. Na sisemi kwamba ni suala la ladha, kila mtu na yake. Nasema kumwambia mtu huyu anunue amplifaya ni ushauri mbaya, na hapa kwetu ushauri huo una gharama kubwa kuliko shilingi.

Kwanza tuelewane vitu hivi hufanya nini. Faili ya muziki au ya mazungumzo ndani ya kompyuta ni tarakimu tupu. Kwenye CD, kwa mfano, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Sikio halisikii tarakimu, kwa hiyo lazima zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kazi hiyo hufanywa na kifaa ambacho nitakiita kigeuzi. Umeme unaotoka kwenye kigeuzi ni dhaifu, basi hupitishwa kwenye amplifaya ndogo inayoupa nguvu ya kusukuma hedifoni. Kadi ya sauti ina vyote viwili, kigeuzi na amplifaya, na mara nyingi ina pia njia ya maikrofoni. Amplifaya ya mezani ina kipande cha mwisho tu.

Umeliona tatizo? Mtu huyu analalamika kwamba sauti ya laptopu yake ni mbaya. Ananunua amplifaya. Halafu anaichomeka wapi? Kwenye tundu lile lile la laptopu! Uchafu wote uliokuwa unatoka pale sasa unapita kwenye mashine ya gharama na kutoka ukiwa na nguvu zaidi.

Sisi tunaoishi kando ya Mto Tana hatupaswi kuhitaji darasa refu kuhusu jambo hili. Mto huu hubeba udongo kutoka huko juu, na mashamba ya Hola na Bura yalitegemea pampu kwa miaka mingi. Hebu niambie, maji yakifika kwako yana tope, je, ukinunua pampu kubwa zaidi utapata maji safi? Utapata tope jingi kwa haraka. Amplifaya ni pampu. Tope linaondolewa mahali lilipoingilia.

Na linaingilia wapi? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya laptopu, kigeuzi hukaa kwenye ubao mmoja na prosesa, diski, feni na antena ya mtandao. Vyote hivyo huvuta umeme kwa mikupuo, na mikupuo hiyo huvujia kwenye njia ya sauti kama watengenezaji hawakuitenga vizuri. Fanya jaribio hili usiku kukiwa kimya. Vaa hedifoni, usicheze wimbo wowote, pandisha sauti, kisha tembeza kipanya au fungua ukurasa mzito. Ukisikia vikwaruzo vinavyofuata mkono wako, basi hiyo ni kompyuta inakunong'oneza kazi zake. Sasa chomoa chaja. Kama kulikuwa na mvumo mzito na umekoma, ugonjwa wako wa pili uko kwenye umeme.

Tuzungumze basi juu ya umeme, maana hapa ndipo ushauri wa mjini unapovunjika kabisa. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hugeuka mara 50 kwa sekunde, ndiyo sababu mvumo wake unaujua hata bila kuona waya. Plagi yetu ina miguu mitatu, na ule mrefu wa juu ni wa waya wa ardhi. Lakini chukua ekstensheni ya bei rahisi uifungue. Mara nyingi utakuta tundu la tatu ni pambo, halina waya wowote nyuma yake. Nyumba nyingine zinatumia sola na inveta za bei ya chini, ambazo umeme wake haupandi na kushuka kama wimbi laini, hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ni kelele.

Katika mazingira hayo, unamletea mtu amplifaya yenye adapta yake ya kuchomeka ukutani. Sasa ana vifaa viwili kwenye umeme, laptopu na amplifaya, na vimeunganishwa kwa waya wa sauti. Tofauti yoyote ndogo ya umeme kati ya vifaa hivyo itapita ndani ya waya huo huo, nayo itatoka masikioni kama mvumo. Yaani umelipa fedha kununua mvumo ambao hukuwa nao jana! Kadi ya USB, kinyume chake, hula umeme wa laptopu yenyewe. Ukichomoa chaja, mfumo mzima uko kwenye betri na haugusi ukuta popote. Mvumo unakosa mlango.

Ziko amplifaya za betri, najua. Hazileti mvumo wa ukutani, lakini kigeuzi bado ni kile kile cha ndani ya laptopu, na vile vikwaruzo vya kipanya vitaendelea kuja, vikiwa vinene zaidi.

Hoja yao kubwa ni "nguvu". Wanasema kompyuta haina nguvu za kusukuma hedifoni za maana. Haya, tupige hesabu, maana hesabu haina ubaguzi wa mjini na shamba. Hedifoni ya Sony MDR-7506, ambayo watu wa redio wameitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina ukinzani wa omu 63 na hutoa desibeli 106 kwa miliwati moja. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C, ile yenye tundu la hedifoni, kwa kweli ni kadi ya sauti kamili: ndani yake mna kigeuzi na amplifaya. Huuzwa dola 9 huko Marekani, na toleo la kule hutoa volti 1 hivi. Volti 1 kwenye omu 63 ni karibu miliwati 16, sawa na desibeli 118. Huo si muziki tena, ni jeraha.

Chukua hata hedifoni inayosifika kuwa ngumu, Sennheiser HD 650 ya omu 300. Watengenezaji wenyewe wanaandika desibeli 103 kwa volti 1. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, katika kiwango chao cha 2018, waliweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima. Kila ukipanda desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Ukisikiliza kwa desibeli 101 mfululizo, dakika 20 hazifiki na umemaliza haki yako ya wiki nzima. Sasa hizo nguvu zaidi ni za nini? Za kumfanya kijana awe kiziwi akiwa na miaka 40?

Lipo jambo la nguvu ambalo ni la kweli, lakini wauzaji hawalitaji kwa sababu halihitaji amplifaya yao. Kila tundu la hedifoni lina ukinzani wake wa ndani. Ukinzani huo ukiwa mkubwa, besi hubadilika na sauti hupindika, kwa sababu ukinzani wa hedifoni si ule ule kwa sauti nzito na sauti nyembamba. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa Sony yetu ya omu 63, hiyo ni kama omu 8. Matundu mengi ya kompyuta yana makumi ya omu, na kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilitaja omu 120! Kadi nzuri ya nje ina omu moja au mbili tu. Kwa hiyo hata ugonjwa huu unatibiwa na kadi, na dawa haibebi tope la laptopu.

Wala msidhani nasema haya kwa kuwachukia wanaounda amplifaya. Mwaka 2011 mhandisi mmoja aliyejificha nyuma ya jina NwAvGuy alichapisha mchoro kamili wa amplifaya ya hedifoni aliyoiita O2, pamoja na vipimo vyake vyote, ili yeyote aijenge mwenyewe. Alikuwa amechoshwa na watu wanaouza masanduku ya bei mbaya bila kuonyesha kipimo hata kimoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye aliamua kupima tembo. Lakini angalieni alichofanya baadaye: mwaka 2012 alitoa kigeuzi cha USB, ODAC. Mwenye amplifaya maarufu kuliko zote za aina yake alijua kwamba bila chanzo safi kazi yake ni bure. Mwaka huo huo akanyamaza, na hajasikika tena. Wauzaji hawakunyamaza.

Wengine watasema kadi ya sauti ni mambo ya kale. Ni kweli kwamba Sound Blaster ya kwanza, ya kampuni ya Creative kutoka Singapore, ilitoka mwaka 1989, na enzi hizo ulifungua sanduku la kompyuta na kuichomeka ndani. Laptopu haina nafasi hiyo. Lakini kadi haikufa, ilihamia nje. Kanuni za pamoja za sauti kupitia USB zilitolewa mwaka 1998, ndiyo maana leo kadi nyingi za USB unazichomeka tu kwenye Linux au Windows na zinafanya kazi bila kutafuta draiva. Kwa mtu anayenunua bando kwa vipande, kutopakua draiva ya megabaiti mia tatu ni fedha mfukoni.

Na tafadhali msiruke kutoka kwenye mtego wa amplifaya mkaangukia mtego wa tarakimu. Huhitaji kadi ya kilohezi 384 kusikiliza. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti jaribio ambamo wasikilizaji walishindwa kutofautisha rekodi za kiwango cha juu na zile zile zilizopitishwa kwenye kiwango cha CD. Ukiwa Garsen saa nane mchana, feni inazunguka na bodaboda zinapita nje, biti 16 zinakutosha na zinabaki.

Sasa nifike kwenye gharama niliyoitaja mwanzo. Kama jambo hili lingekuwa la kusikiliza muziki tu, ningewaacha watu wanunue wapendacho. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na jioni zangu naandika programu ndogo ya kukata rekodi za wazee vipande vipande na kuandika maneno chini ya kila kipande, kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Vijana wanaorekodi wanachangishana wao kwa wao. Mfuko wao unatosha kitu kimoja. Mjuaji amewaambia kitu hicho kiwe amplifaya.

Wapokomo wa Tana ya chini lugha yao wenyewe huiita Kipfokomo. Itamke taratibu. Ile "pf" ina pumzi ya "f" ndani yake, na pumzi hiyo ni sauti nyembamba na hafifu, inakaa pale pale ambapo kadi mbovu hutoa ile "shhh" kama mafuta kwenye karai. Anayeandika akisikiliza kupitia tundu chafu, "pf" na "p" zinakuwa kitu kimoja, na neno limeingia kwenye orodha likiwa na makosa. Amplifaya hapo inapandisha "pf" na "shhh" kwa kipimo kile kile. Haijakusaidia kitu.

Tena si maneno ya kamusi peke yake. Katika rekodi hizi kuna wazee wanaoeleza malka, zile njia za mifugo kufika mtoni, zilikopita na makubaliano yalikuwaje kati ya mkulima na mfugaji. Kila mtu wa Tana Delta anakumbuka mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, watu zaidi ya 100 walipouawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Mimi sitaki rekodi ya makubaliano ambayo watu wawili wanaisikiliza na kila mmoja anasikia neno lake.

Na hapa ndipo amplifaya inaposhindwa kabisa, hata tukisahau yote niliyosema juu. Amplifaya ya hedifoni ni njia ya kwenda upande mmoja. Hairekodi. Kadi ya USB yenye tundu la maikrofoni ya maana, kama Focusrite Scarlett Solo au Behringer UMC22, hurekodi na kusikilizisha kwa wakati mmoja. Mzee anazungumza, wewe umevaa hedifoni, ukisikia mvumo unasimamisha, unachomoa chaja, mnaendelea. Mvumo ulioingia kwenye rekodi hautoki wote, hata kwa programu nzuri kiasi gani, na hili nalisema kama mtu anayeandika programu hizo. Mzee akishafariki hakuna kurekodi upya.

Ardhi hii imewahi kutoa sauti iliyosikika mbali. Wimbo wa taifa wa Kenya wa mwaka 1963 ulichukua lahani yake kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, kupitia Mzee Meza Morowa Galana. Ulifika huko kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakausikiliza vizuri.

Niwape wapinzani haki yao kabla sijafunga. Amplifaya ina mahali pake. Kama tayari una kigeuzi kizuri, kama una hedifoni ya omu 600 kama toleo moja la Beyerdynamic DT 880, au kama unataka kugawa sauti kwa watu wanne darasani, nunua na uifurahie. Na kama sanduku unalouziwa kwa jina la amplifaya lina USB nyuma na kigeuzi ndani, basi hiyo ni kadi ya sauti iliyovaa koti, na mimi sina ugomvi nayo ila bei ya koti na ukosefu wa maikrofoni.

Kwa wengine wote, utaratibu wangu ni huu. Kwanza fanya majaribio yale mawili, la kipanya na la chaja, kwa sababu ni ya bure. Pili, tafuta fundi akutengenezee waya wa ardhi. Tatu, nunua kadi ya nje. Wa kusikiliza tu, adapta ya kawaida ya USB itamtosha. Wa kurekodi, anunue yenye tundu la maikrofoni. Nne, kinachobaki kiende kwenye maikrofoni na hedifoni yenyewe, maana humo ndimo tofauti kubwa inamosikika.

Na ewe mjuaji wa video, kama bado unasema amplifaya ndiyo jibu, nakualika Garsen. Njoo na sanduku lako, tuchomeke kwenye ekstensheni zetu, tumwekee mzee maikrofoni mbele. Utatwambia wewe mwenyewe alisema "p" au "pf".